Gari ya Baba na Kipupwe cha Pemba

Najua nimepotea wiki tatu, msininunie, nilikuwa likizo nyumbani Pemba. Kempasi nimerudi juzi, na nusura nisirudi. Kaeni niwape kisa.

Nyie wa bara mnadhani kwetu ni joto mwaka mzima. Mwezi wa 7 kusi ikivuma, alfajiri wazee wanatoka na makoti. Mwenzangu wa chumba, anayetoka Makete kwenye baridi ya kweli, nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa.

Basi na gari ya baba, Corolla kuukuu, ikaanza vituko. Ukiiwasha alfajiri inatetemeka mpaka vioo vinagonga. Ukiondoka inavuma, vuuuu. Baba hukumu yake moja tu: "Baridi hiyo, mwanangu. Ikipata moto itatulia." Na kweli, baada ya dakika kumi mtetemo unapungua. Tukaamini wote.

Siku moja kabla ya safari yangu, tunatoka kuswali alfajiri, jirani yetu fundi akaisikia inavyolia. Akauliza maswali mawili tu. "Mzee wangu, inatetemeka ikiwa imesimama, au mpaka itembee? Na huo uvumaji, saa sita na jua lake unakwisha?"

Tukatazamana. Kutetemeka, hata ikisimama. Uvumaji, haukwishi hata mchana. Hakuna aliyewahi kujiuliza!

Akasema, basi hayo ni maradhi mawili. Akafunua boneti kukiwa bado kiza, injini inaunguruma. Wallahi niliona cheche za buluu zinarukaruka kwenye waya za plagi. Waya zimepasuka, umande ukiingia moto unavujia nje, silinda moja inamisi. Injini ikipata moto unyevu unakauka, inatulia. Hapo baba hakukosea sana.

La pili sasa. Tukaingia barabarani. Uvumaji unapanda na spidi. Ukikata kona ya kulia unazidi, ya kushoto unapungua. Fundi akasema ukikata kulia uzito unalalia kushoto, basi tukatazame kushoto. Akapiga jeki, akashika tairi la mbele juu na chini, akalitikisa: linacheza. Akalizungusha kwa mkono: linakwaruza. Beringi imekwisha.

Baba akakaa kwenye baraza, kimya. Kesho yake ilikuwa anipeleke Mkoani kupanda boti, na mama, na wadogo zangu wawili nyuma. Kutoka Chake ni kilomita 30 hivi, kona na vilima. Beringi ikivunjika njiani, tairi linaweza kuchomoka. Akasema taratibu, "Kumbe nilikuwa nawabeba hivi hivi." Sikumjibu. Ningemjibu nini, na mimi ndiye niliyekuwa nacheka "gari inasikia baridi"?

Nilikwenda Mkoani kwa daladala. Baba amenipigia jana: beringi mpya imeshafungwa, waya pia, gari kimya.

Nilichojifunza ni hiki: baridi ilikuwa kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyotuziba masikio. Gari yenu ikilia, msiseme "hali ya hewa" kabla hamjauliza: imesimama au inatembea? Asubuhi tu au na mchana?

Haya, nakwenda kusoma, kuna supu inaningoja. Hiyo nayo nilisingizia baridi, kwi kwi kwi. Tuonane wiki ijayo inshallah.