Treni Isiyokuwamo Mchezoni

Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni. Ulikuwa na njia sita: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza na moja ya Austria. India, ambako mamilioni ya watu husafiri kwa treni kila siku, haikuwamo.

Wapenzi wa reli wa India hawakungoja kukumbukwa. Waliunda wenyewe vichwa vya treni, mabehewa, vituo na hata milio ya honi, na wengi wakavigawa bure. Mimi, hapa Kampala, huviendesha kwa Open Rails, programu ya bure inayosoma mafaili ya mchezo ule wa zamani.

Kichwa ninachokipenda zaidi ni WDM-2. Jina lake linajieleza: W ni reli pana, D ni dizeli, M ni kazi mchanganyiko, yaani abiria na mizigo. Kilianza kuundwa Varanasi miaka ya 1960, kikiwa na nguvu za farasi 2,600. Siku hizi India imetandaza umeme karibu katika reli zake zote pana, na vingi vya vichwa hivyo vimeondolewa kazini. Mchezoni bado vinanguruma.

Wenzangu huniuliza faida yake. Mimi naona somo letu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili Uganda hulalamika kwamba vitabuni hatumo. Waliounda treni zile hawakulipwa mshahara. Walitumia jioni zao. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tuandike walau hadithi fupi moja, kisha tuigawe.