Halla, Adui wa Shamba Katika Nchi ya Ufini

Leo twende hata Ufini, nchi ya misitu na maziwa, mbali kaskazini mwa Ulaya. Huko wakulima wana neno moja ambalo wazee wao walilitaja kwa hofu. Neno hilo ni halla.

Usidhani kuwa halla ni baridi yoyote. Baridi kali ya wakati wa theluji huitwa pakkanen, nayo kila mtu huingojea. Halla ni sakitu ya usiku, inayokuja wakati mimea ingali shambani. Jioni mbingu huwa safi na upepo umetulia. Usiku joto la ardhi hupotea juu, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni kama maji. Kulipokucha, shayiri imekwisha kufa. Ndiyo sababu watu wengi wa mashariki ya nchi walilima juu ya vilima.

Na neno lenyewe lilitoka wapi? Wataalamu wa lugha wanasema liliazimwa zamani sana kwa majirani wa kusini, wenye lugha za Kibalti. Hata leo Walituania huita sakitu šalna, na Walatvia salna. Kwa Wafini sauti ya “sh” iligeuka “h”, na “ln” ikawa “ll”. Vivyo hivyo vilna, yaani sufu, ikawa villa. Tena herne, yaani njegere, na heinä, majani makavu ya mifugo, ni maneno ya asili hiyo hiyo. Basi, pamoja na maneno ya ukulima, walipokea na jina la adui wake.

Adui huyo si wa mchezo. Mwaka 1867 barafu ilikaa maziwani hata Juni, watu wakachelewa kupanda. Mapema Septemba, nafaka haijakomaa, halla ikashuka. Watu wakachanganya unga na ganda la ndani la msonobari, wakaoka mkate. Wengi wakashika njia kuomba chakula. Kufika mwisho wa 1868, njaa na homa zilikuwa zimeua watu zaidi ya laki moja.

Siku hizi kuna mbegu zinazokomaa upesi, na watabiri wa hali ya hewa hutangaza mapema kwamba halla yaja. Wakulima wakisikia neno hilo la kuazima, hutoka nje kutazama mbingu, kama babu zao.