Si Kila Baka ni Choa

Mpenzi msomaji, ukiwa na mtoto mwenye mabaka mwilini, hebu nisikilize kwanza kabla hujakimbilia duka la dawa.

Mtoto wa dada yangu kule Kibera alipatwa na choa kichwani. Daktari akampa vidonge vya griseofulvin, akapona. Basi kijana wangu hapa Kawangware alipotokwa na mabaka meupe kifuani na mgongoni, nami nikanunua vidonge vile vile. Tena nikamtenga na nduguye: kitanda chake, beseni lake, taulo yake. Majirani wakaanza kunong'onezana juu ya ule ugonjwa usiotajwa kwa sauti. Kijana akawa havui shati mbele ya mtu.

Wiki sita zikapita, mabaka yako pale pale.

Ndipo nikampeleka hospitalini. Mtaalamu wa maabara alimkwangua magamba kidogo kwa kisu butu, akayaweka juu ya kioo, akadondoshea potasiamu haidroksaidi. Maji hayo huyeyusha ngozi, kuvu ikabaki.

"Mama, njoo uone," akaniita kwenye hadubini. "Ingekuwa choa, ungeona nyuzi ndefu zenye matawi."

Mimi niliona viduara vimesongamana kama zabibu kichalani, na vijiuzi vifupi katikati.

Jina lake ni Malassezia. Ni kuvu ya jamii ya hamira, na huishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima ikila mafuta ya mwili. Ndiyo sababu maabara zikitaka kuiotesha huitilia mafuta, kwa mfano ya zeituni. Hamira nyingine iitwayo Candida, ipendayo mikunjo ya ngozi yenye unyevu, huota bila mafuta hayo kwa siku chache tu. Joto na jasho vikizidi, Malassezia nayo huzidi, ikaharibu rangi ya ngozi. Haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja. Na griseofulvin, inayotibu choa, haiifanyi lolote!

Tulirudi na dawa ya kupaka. Usiku huo niliwarudisha vijana wangu kitanda kimoja, nikamwomba mwanangu msamaha. Mabaka yalikwisha, ingawa rangi ilichukua miezi kurudi.

Ndugu msomaji, usiazime dawa ya jirani. Ukifika hospitalini, uliza kama wanaweza kumkwangua mtoto na kumpima. Kuuliza si ujinga.