Farasi Hataki

Watoto wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado humjua farasi kwa sikio kabla ya kumwona kwa jicho. Chuoni kwetu Mocímboa da Praia, tulipofika Suratul Adiyat, mwalimu alitufafanulia kwamba Mwenyezi Mungu anaapa kwa farasi wanaokwenda mbio wakihema, kwato zao zikitoa cheche na kutimua vumbi alfajiri. Tuliikariri sura nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mnyama huyo. Tuliozoea kuwaona ni mbuzi, kuku, na paka wa sokoni wanaongoja utumbo wa samaki.

Sababu ni mbung'o. Nyuma ya minazi na mikorosho yetu linaanza pori, na ndani ya pori yumo nzi huyo ambaye akimwuma farasi humwachia vijidudu vya nagana. Mnyama hukonda, macho humtoka machozi, mwisho hufa. Ndiyo maana Kiswahili kilipokea neno lenyewe kutoka kwa Waarabu, na washairi wakatuletea vita vya farasi, kama vile Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, lakini mnyama mwenyewe hakuwahi kuenea kusini mwa pwani hii. Tuna hatamu, tuna lijamu, tuna tandiko. Tumekosa wa kumvisha tu.

Nayasema haya ili msomaji asishangae nikimwambia kwamba mchezo ninaoupenda kuliko yote, ukiondoa kandanda, ni kuruka viunzi kwa farasi. Wenzangu wa bwenini hunicheka. Husema ni mchezo wa watu ambao farasi wao hula vizuri kuliko sisi. Sina jibu, kwa kuwa ni kweli.

Niliuona kwa mara ya kwanza Agosti 2021, nikiwa mkimbizi ndani ya nchi yangu. Mji wetu ulikuwa umetekwa na waasi Agosti ya mwaka uliotangulia. Tuliondoka kwa mashua, tukashukia ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba (Pemba yetu ya Msumbiji, siyo ile ya karafuu), na ndugu mmoja wa bibi akatupokea. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu. Tulilala humo watu kumi na wanne. Televisheni ilikuwapo sebuleni, na ilikuwa na sheria zake: asubuhi ya watoto, mchana ya yeyote aliyewahi, usiku ya wanaume na kandanda yao. Lakini bibi akitaka kitu, sheria zililala.

Ijumaa ya tarehe 6 tulikuwa tunangoja wakati wa swala. Mashindano ya Olimpiki ya Tokyo yalikuwa yanaonyeshwa, mtangazaji akizungumza Kireno. Akatokea farasi. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, akasema, "Mwacheni huyo, msimwondoe." Hakuwa amewahi kumtazama farasi akienda kwa muda mrefu hivyo. Nami pia.

Ule haukuwa mchezo wa viunzi wenyewe, ulikuwa sehemu ya mashindano ya michezo mitano: kitara, kuogelea, farasi, kukimbia na kulenga shabaha. Katika mashindano hayo, wakati huo, mpandaji hakuwa na farasi wake. Alipangiwa kwa kura mnyama asiyemjua, akapewa dakika 20 za kuzoeana naye, kisha akaingia uwanjani. Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza wanawake wote. Kura ikampa farasi aitwaye Saint Boy, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amemgomea mpandaji mwingine. Saint Boy akakataa tena. Alirudi nyuma, akazunguka, akasimama. Schleu alilia akiwa juu ya tandiko huku akichapa mjeledi, na kocha wake Kim Raisner akamhimiza apige kwa nguvu zaidi, akampiga farasi kwa ngumi yeye mwenyewe. Dhahabu ikapotea mbele ya dunia nzima. Kocha aliondolewa katika michezo iliyosalia, na baadaye chama cha mchezo huo kiliamua kwamba baada ya Paris 2024 farasi hawatakuwamo tena.

Bibi aliweka ungo chini. Akasema, "Farasi hataki. Ameona kitu ambacho wao hawakioni."

Mimi nilimwonea huruma farasi, lakini nilimhurumia mpandaji pia, na mpaka leo sikubaliani na wanaomlaumu yeye peke yake. Mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka mingi anakabidhiwa mgeni na kuambiwa, haya, dakika ishirini, mpendane. Sebule yetu ya watu kumi na wanne iliijua vizuri taabu hiyo.

Kesho yake, Jumamosi saa sita mchana, tukaona mchezo wenyewe. Fainali ya timu. Hapa kila mpandaji huja na farasi anayemjua, na kanuni ni nyepesi hata kwa bibi: ukiangusha mti, makosa manne, farasi akigoma, makosa manne, mwenye makosa machache ndiye mshindi. Uswidi na Marekani walimaliza wakiwa na makosa manane kila mmoja, ikabidi warudie kwa saa ya kuhesabu. Timu zote mbili hazikuangusha kitu. Mpandaji wa mwisho alikuwa Peder Fredricson wa Uswidi juu ya farasi mdogo wa rangi ya kahawia aitwaye All In, na Uswidi ikashinda kwa sekunde 1.3. Mtangazaji akaeleza kwamba All In hakupigiliwa vyuma kwatoni. Anaruka pekupeku. Jambo hilo lilimfurahisha bibi kuliko ushindi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta habari za mchezo huu kwenye simu, usiku, wakati bando ni rahisi. Nimekusanya mengi, ila mawili nayarudia mara kwa mara. La kwanza ni la farasi jike Halla, mwaka 1956. Michezo ya Olimpiki ilikuwa Melbourne, lakini Australia ilikuwa na masharti makali ya karantini kwa wanyama, kwa hiyo mashindano ya farasi yakapelekwa Stockholm. Hans Günter Winkler alichanika msuli wa kinena katika mzunguko wa kwanza. Alirudi kwa mzunguko wa pili akiwa hawezi kumwongoza mnyama kama ilivyo desturi. Halla aliruka vyote bila kosa, amembeba mtu anayeugulia maumivu, na Winkler akapata dhahabu mbili, yake na ya timu. La pili ni la Huaso, farasi wa Chile aliyekuwa na miaka 16, umri wa kupumzika. Tarehe 5 Februari 1949 huko Viña del Mar, kapteni Alberto Larraguibel alimwelekeza kwenye kiunzi cha mita 2.47. Majaribio mawili yalishindikana. La tatu akapita. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Niliwahi kupima dari la ile sebule ya Paquitequete kwa kamba ya nyavu: Huaso angepita juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo halinipi raha kama hayo. Medali ya kwanza kabisa ya Ureno katika Olimpiki, shaba ya mwaka 1924 mjini Paris, ilitokana na mchezo huu huu, na mmoja wa wapandaji aliitwa José Mouzinho de Albuquerque. Mwanafunzi yeyote wa Msumbiji akilisikia jina la Mouzinho de Albuquerque hushtuka kidogo. Ni jina la Joaquim Mouzinho, ofisa wa askari wa farasi aliyemkamata Gungunhana kule Chaimite Desemba 1895. Wareno walimjengea sanamu katikati ya Lourenço Marques, amepanda farasi wa shaba. Baada ya uhuru sanamu ilihamishiwa ndani ya ngome ya zamani ya Maputo, iko huko mpaka sasa. Kwa hiyo nchini kwetu farasi anayejulikana zaidi hali majani, na aliyempanda hatukumwalika. Labda ndiyo sababu nilimpenda zaidi yule aliyegoma.

Jumapili, tarehe 8, redio ikatangaza kwamba majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yameingia Mocímboa da Praia. Watu walilia mitaani kwa furaha. Jioni ile ile wajomba zangu wakaanza mpango wa kurudi: nani atangulie, mashua ya nani, bibi apelekwe lini. Bibi aliwasikiliza hadi mwisho. Akasema hataki.

Walimbembeleza kwa wiki kadhaa. Nyumba yake ipo, walisema, ingawa paa halipo. Mjomba mkubwa alipandisha sauti, akamwambia anawachelewesha wote. Bibi akamjibu, "Nitarudi, mwanangu. Lakini si kwa kuchapwa." Waliokuwa wameitazama televisheni siku ile walicheka, mjomba hakuelewa, maana alikuwa msikitini.

Alirudi mwaka 2023 baada ya Idi, kwa siku aliyoichagua mwenyewe. Wakati huo mimi nilikuwa tayari Dar es Salaam, nimeanza masomo ya Kiswahili. Mwaka uliofuata, siku ya mechi ya Simba na Yanga, nilikutana na farasi wa polisi nje ya Uwanja wa Mkapa. Nilijua kwamba ni wakubwa, ila sikujua kwamba wana joto namna ile. Ukisimama karibu unalihisi usoni, kama umefungua mlango wa jiko la mkate. Yule farasi alihema, akapiga kwato kwenye lami, na umati ukasogea. Sikuona cheche, jua lilikuwa kali mno.

Nilimpigia bibi usiku. Hakuuliza nani amefunga bao. Aliuliza kama farasi amevaa viatu. Nikamwambia amevaa, vya chuma. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimekula nini.