Kahawa ya Baba, Ndizi za Mama

Mwaka 1988, msichana wa Uchagani aliyemaliza kidato cha nne na kutamani ualimu hakuwa na sababu ya kuhangaika na ada. Vyuo vya serikali vilimsomesha bure, vikamlaza na kumlisha, akatoka na cheti cha Daraja la Tatu A na kupangiwa kituo cha kazi. Mimi nilitaka chuo cha Montessori cha masista, cha kulipia, ambacho cheti chake hakikumhakikishia mtu ajira serikalini. Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, nilipe ada ili ukafundishwe kucheza na watoto?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilikuwa na jambo moja tu la kumweleza, nalo nililiona kwenye chekechea ya parokia jirani. Chekechea tulizozizoea zilikuwa za kuimba a, e, i, o, u nyuma ya mwalimu mwenye fimbo. Pale kwa masista, watoto wa miaka mitatu hadi sita walikaa chumba kimoja, kila mmoja akijichagulia kazi kwenye rafu iliyo wazi, akitandika mkeka wake na kurudisha kifaa mahali pake akimaliza. Binti mmoja alikuwa anaosha meza. Sabuni kidogo, brashi ya duara, sifongo ya kukaushia. Anaanzia kona ya kushoto na kwenda mbele. Meza ikatakata, akamwaga maji, akateka mengine, akaanza upya. Sista hakumzuia wala hakumsifu. Alipoosha mpaka akatosheka, alijifuta mikono na kwenda kumsaidia mwenzake kufunga vifungo. Nikajua kwamba nataka kuwa mtu anayeweza kusimama pembeni namna ile.

Mwishowe baba alikubali, na chuoni ndiko nilikojifunza kwamba utaratibu huu haukuanzia kwa watoto wa wenye uwezo. Daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, kwa ajili ya watoto waliobaki peke yao wazazi wakiwa kazini. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu leo jina lake nalikuta kwenye mageti ya shule ambazo mzazi wa kawaida hawezi hata kuulizia ada.

Mwaka wa kwanza ulilipwa na kahawa. Mwezi Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, na ndani ya miezi michache bei ikaanguka karibu nusu. Kijijini hakuna aliyetuambia habari za mikutano ya London. Tuliona tu kwamba malipo kwenye chama cha msingi hayatoshi hata dawa ya kunyunyizia mibuni. Baba alikaa kimya siku nyingi. Niliporudi likizo nilikuta sanduku langu la chuma limewekwa darini, nami nikaelewa.

Aliyelishusha ni mama. Kwetu kahawa ni ya mwanamume, lakini ndizi na maziwa ni vya mwanamke, na baba hakuwa na kauli juu ya mkungu unaokwenda sokoni. Ndizi hazikuwa na makubaliano ya kimataifa ya kuvunjika; malori yaliendelea kuja soko la Mwika kuzichukua kwenda Dar es Salaam. Hata hivyo mikungu peke yake haikufikia ada. Mama alikuwa kwenye upatu wa wanawake wa mtaa, na zamu yake ilikuwa bado mbali. Akawafuata wenzake mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wamsogeze mbele. Wengi wao hawakujua Montessori ni kitu gani. Walimpa zamu.

Ada ilikuwa nusu ya gharama. Nusu nyingine ilikuwa vifaa, maana aliyehitimu bila vifaa alikuwa mkulima asiye na jembe, na vya kuagiza kutoka Uholanzi hatukuthubutu hata kuvitaja. Tulivitengeneza. Mnara wa pinki una vipande kumi vya mbao, cha kwanza sentimita moja kila upande, cha mwisho sentimita kumi, na kimoja kikizidi milimita mbili tu mtoto hawezi tena kulitambua kosa lake mwenyewe. Nilishinda kwa fundi seremala nikimpimia na rula mpaka akanichoka. Herufi tulizikata kwenye msasa, tukazibandika juu ya vibao: irabu kwenye kibao cha bluu, konsonanti kwenye pinki. Mtoto anaipapasa kwa vidole viwili huku akitamka sauti yake, na kwa kuwa Kiswahili kinasomeka kama kinavyotamkwa, hachukui muda kuunda neno lake la kwanza.

Maandalizi yenyewe yalikuwa magumu kwa namna ambayo sikuitarajia. Tuliandika kila somo kwa mkono kwenye kaunta buku, pamoja na michoro. Tulijizoeza kukunja mkeka bila kusema neno, kubeba kiti bila kukiburuza. Na tulikalishwa kwenye kona ya darasa na daftari, tuandike alichofanya mtoto, si tunachodhani anakitaka. Mikono yangu ilitaka kwenda kumfunga kamba za viatu kila mtoto aliyehangaika. Ninaamini kujizuia huko ndiko ualimu wenyewe, nako kunachukua muda mrefu kuliko vifaa vyote.

Nilianza kazi kwenye chekechea ya parokia, wazazi wakilipa kwa fedha kidogo, maziwa na ndizi. Mwaka 1995 Sera ya Elimu na Mafunzo ikayaingiza madarasa ya awali kwenye mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikayafanya ya lazima. Niliitwa shule kadhaa za serikali kuwaonyesha walimu namna ya kupanga rafu. Walitaka sana kujifunza, ila walikuwa na watoto wengi mno na chumba kimoja, na mpaka leo napigania idadi hiyo ipungue kwenye kila kikao ninachoalikwa.

Baba alikuja darasani mara moja, kutengeneza bawaba ya mlango. Akamaliza kazi, akabaki amekaa kwenye kigoda mpaka watoto wakaenda nyumbani.

Upatu wa akina mama unaendelea. Waliweka utaratibu kwamba binti aliyesomeshwa nao, akishapata kazi, anaingia kwenye mchango na kumlipia anayefuata, na wapo kadhaa waliopitia humo baada yangu. Mimi bado natoa kila mwezi. Safari hii zamu ni ya binti wa jirani. Anaanza chuo mwezi wa tisa, na mbao za herufi zake bado hajazikata.