Kuvu la Chumbani: Barua kwa Mpangaji wa Manchester

Mwanangu mpendwa,

Picha za ukuta wa chumba chako zimefika, pamoja na habari ya kikohozi chako na maneno ya wakala wa mwenye nyumba kwamba kuvu limeota kwa sababu hufungui dirisha. Kabla ya kuikubali lawama hiyo, na kabla ya kununua rangi ya kufunika ule weusi, kuna habari ya mtoto mmoja unayopaswa kuijua.

Awaab Ishak aliishi Rochdale, jirani kabisa na Manchester, na wazazi wake waliotoka Sudan. Fleti yao ilikuwa ya shirika la nyumba. Baba yake, Faisal Abdullah, aliripoti kuvu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Akapaka, likarudi. Awaab alifariki Desemba 2020, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 2. Novemba 2022 Joanne Kearsley, ofisa anayechunguza vyanzo vya vifo, alihitimisha kwamba mtoto aliuawa na maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye kuvu, na kwamba fleti ile haikuwa ikipitisha hewa ipasavyo. Shirika lenyewe lilikiri kwamba lilikuwa limedhania tu kuwa tatizo ni namna familia ile ilivyoishi.

Ndiyo maana neno la wakala halikumpendeza shangazi yako hata kidogo.

Kuvu hufuata maji, na maji huingia chumbani kwa njia kadhaa. Mvuke wa kupika, kuoga, kupumua na kuanika nguo ndani hutua kwenye ukuta ulio baridi zaidi. Kuvu lake huota kwenye pembe, kandokando ya dirisha na nyuma ya kabati lililobanwa ukutani. Mvua inayopenya kutoka nje huacha baka ambalo hukua kila inaponyesha. Bomba linalovuja huacha unyevu usiojali kiangazi wala baridi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja hivi, na huacha mstari wa chumvichumvi.

Kuna jaribio jepesi. Kipande cha karatasi ya foili hubandikwa kwenye sehemu ya ukuta yenye unyevu, ikishakaushwa kwanza, kingo zote zikazibwa kwa utepe, kikaachwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa mbele, ni mvuke wa chumbani. Yakionekana nyuma, ukuta wenyewe umebeba maji, na hapo kufungua dirisha mchana kutwa hakutasaidia kitu.

Kama ni mvuke, mpangaji ana sehemu yake: kusogeza kabati mbali kidogo na ukuta wa nje, kufunika sufuria, kufunga mlango wa bafu akioga na kuwasha feni ya kutolea hewa. Lakini feni mbovu na ukuta usiohifadhi joto ni kazi ya mwenye nyumba. Doa dogo hufutwa kwa kitambaa kibichi na dawa ya kuvu, mikono ikiwa na glavu, pua na mdomo vimefunikwa, dirisha wazi. Lisisuguliwe kavu, maana vumbi lake huruka. Jiki isichanganywe na siki wala dawa nyingine. Hutoa gesi yenye sumu. Na mwenye pumu asiifanye kazi hiyo kabisa.

Tangu 27 Oktoba 2025, sheria yenye jina la Awaab inayabana mashirika ya nyumba huko England: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu au kuvu lenye hatari kubwa lichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Wewe umepanga kwa mtu binafsi, lakini sheria ya mwaka 2018 inamtaka mwenye nyumba aiweke nyumba katika hali inayofaa kuishi binadamu muda wote wa mkataba, na mpangaji anaweza kumshtaki.

Basi leo hii mwandikie wakala barua pepe, simu haitoshi. Ambatanisha picha zenye tarehe, eleza matokeo ya foili na kikohozi chako, omba mkaguzi aje. Wasiponyanyuka, peleka nakala kwa halmashauri, idara ya afya ya mazingira, ambayo ina mamlaka ya kukagua na kuamuru matengenezo. Kodi usiizuie, kwani watapata sababu ya kukufukuza. Na hicho kikohozi, mwone daktari wiki hii, umweleze habari ya ukuta ili aiandike kwenye faili lako.

Wako akupendaye,
Shangazi