“Mama mdogo, mbona yule hakuumia?”

Jumamosi moja nikiwa jikoni nakaanga maandazi, nilisikia kishindo sebuleni, kisha kimya. Mlezi yeyote anaujua ukimya ule. Nilimkuta mtoto wa dada yangu, mwenye miaka saba, ameketi sakafuni kashika mkono wa kushoto, kiwiko kimeanza kuvimba. Alikuwa ameruka kutoka juu ya kochi.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Siku hiyo nilikumbuka mambo machache tu: nisiunyooshe mkono, niufunge na kanga kama ulivyo, niangalie kama vidole vina joto na vinachezeka, nisimpe chakula maana huenda akahitaji dawa ya usingizi. Jirani alikuja mbio na mafuta ya kuchua. Nilimshukuru, nikamwomba asimguse.

Eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa, juu kidogo ya kiwiko. Akafungwa plasta ngumu. Usiku dada akapiga simu kutoka Mwanza anakofanya kazi. “Mdogo wangu, si wewe ndiye unayetuandikia mambo ya afya?” Sikuwa na jibu.

Lakini swali lililonikosesha usingizi aliniuliza mtoto mwenyewe tukiwa kwenye bajaji: “Mama mdogo, mbona yule hakuumia?”

“Yule” ni Aang wa Avatar: The Last Airbender. Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa mwaka 2005, na mwanangu aliitazama kwa miezi bila kuruka popote. Kisha nikamwekea toleo la mwaka 2024 lenye waigizaji, nikafurahi kwamba katulia nami nafanya kazi zangu. Sikufikiria tofauti. Mtu wa katuni amechorwa, na mtoto anajua hivyo. Huyu wa pili ni mtoto wa kweli, ana magoti na viwiko kama vyake.

Baadaye nilisoma jinsi mapigano yale yanavyotengenezwa. Waliotunga katuni walishauriwa na mwalimu wa kung fu, Sifu Kisu, na kila kundi likapewa mtindo halisi wa Kichina: watu wa maji tai chi, wa ardhi Hung Gar, wa moto Shaolin ya Kaskazini, wa hewa Bagua, ambao mpiganaji wake huzunguka kwa duara. Mchoraji akishachukua mtindo huo anaweza kumwacha mtu angani anavyotaka. Binadamu akiruka, lazima atue.

Kwa hiyo katika kazi za namna hii kuna mtu wa kupanga kila pigo na kila hatua, kama anavyopangwa mcheza ngoma. Kuna mazoezi, magodoro, nyaya zinazofutwa baadaye kwa kompyuta, na watu maalumu wanaochukua nafasi ya mwigizaji penye hatari. Gordon Cormier aliyeigiza Aang alikuwa na miaka 12 hivi wakati wa kurekodi, na waigizaji walipewa mafunzo kabla ya kamera kuwashwa.

Nilimtafutia mwanangu video zinazoonyesha waigizaji wakining'inizwa kwa nyaya. Alikasirika. “Kumbe wanatudanganya!”

Nikamwambia hawadanganyi, wamefundishwa na kuna watu wanaowalinda.

Akautazama mkono wake. “Mimi hukuniwekea godoro.”

Alisema kweli. Nilimwekea filamu, sikukaa naye hata dakika tano.

Mzazi mwenzangu, sikuambii uzime runinga. Mimi sijaizima. Ila mtoto akihama kutoka katuni kwenda kwa waigizaji, kaa naye vipindi vya kwanza, mwonyeshe nyaya na magodoro, mwambie wazi kipi haigi. Kwetu sheria ni moja: mikono irushe utakavyo, miguu ibaki chini.

Plasta imeshatolewa. Jioni huwa anazunguka sebuleni kwa duara kama watu wa hewa, taratibu, huku akihesabu hatua. Mimi hukaa kwenye kochi lile lile, simu nimeiweka mbali.